Upanga wa Kirumi niliounyoosha kiuno, na watu wawili walionipa benchi la ufundi Durban

Wakuu, nawasalimu wote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Wengi humu mnanijua kwa wimbo wangu mmoja: mimi nimejijenga kwa mikono yangu. Kila uzi wa maisha ukifunguliwa nakuja nao. Darasa la tano, mtoto wa Kasulu, nikaingia Durban na begi moja la mgongoni, leo nina karakana mbili na mageti yangu yanafungwa na watu ambao hata mbwa wao wanakula vizuri kuliko mimi wa zamani. Yote hayo ni kweli. Sifuti hata neno.

Ila kuna kipande huwa nakiruka.

Wiki iliyopita alikuja mgeni nyumbani, akaniuliza kazi hii nilifundishwa na nani. Nikajibu kama kawaida yangu: "Hakuna." Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu. Aliniangalia tu, kisha akaendelea kumenya. Lile jicho limenikosesha raha siku tano.

Kwa hiyo leo nakisema kipande hicho chote, pamoja na sehemu zinazonivua nguo. Mwenye chai aiweke karibu.

Ilikuwa 1998. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, naishi Point, chumba kimoja kwenye yale maghorofa ya zamani ya karibu na bandari. Nilikaa na Mkongo mmoja wa Uvira anaitwa Jospin, yeye alikuwa anafanya kazi salon. Mimi nilikuwa car guard. Unavaa kizibao cha rangi ya machungwa, unasimama parking, mtu anashuka unamwambia "sharp, boss", anaondoka unamwelekeza kurudi nyuma kama vile hajui kuendesha.

Eneo langu lilikuwa Greyville, nje ya vile viduka vya karibu na uwanja wa mbio za farasi.

Sasa, mimi nyumbani sikuwa mlinda magari. Baba yangu alikuwa anauza chumvi, lakini mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa mhunzi. Nilitoka shule nikaenda kwake nikiwa na miaka kumi na mbili, nikavuta mivukuto, nikashika koleo, mwisho nikapewa nyundo.

Kazi yetu kubwa haikuwa kutengeneza vitu vipya. Ilikuwa kuvirudishia ujana vilivyozeeka. Mtu analeta jembe limelika mpaka limekuwa kijiko, tunalitoa tena jembe. Mtu analeta panga. Na panga, wakuu, likinolewa miaka mingi kwenye jiwe linalika katikati, maana ndipo mkono unapovuta zaidi. Linafanya kiuno. Sisi tunalipasha moto, tunalipanua pale palipolika, mwenyewe anaondoka nalo limenyooka kama siku lilipotoka dukani.

Shikeni hapo pa kiuno. Tutarudi.

(Najua kuna mtu atacomment hapo chini akiuliza panga na upanga si kitu kimoja. Mkuu, panga ni hili la kufyekea majani. Upanga ni silaha ya askari, una makali pande mbili, na zikiwa nyingi nazo tunaziita panga; yale ya kufyekea ni mapanga. Tuendelee.)

Pale parking alikuwa anaegesha mzee mmoja, Mzee Saidi. Mzaliwa wa Durban, lakini asili yake ni kwetu huku pwani ya Afrika Mashariki, wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa Natal zamani sana. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, kimechanganyika na Kizulu na Kiingereza, ila unakielewa. Alikuwa na karakana ya kutengeneza magrili ya madirisha na mageti, mitaa miwili tu kutoka hapo.

Siku moja bakkie yake, yaani pickup, ilikatika springi. Fundi wa magari akamfungia mpya, ile ya zamani akaitupa pembeni. Mimi nikamwambia, Mzee, chuma hicho hakitupwi, mimi kwetu natengeneza visu kwa springi.

Ningeishia hapo ingekuwa ukweli. Lakini mnanijua. Nikaongeza, "Hata upanga nafua."

Sikuwahi kufua upanga maishani mwangu. Visu, ndiyo. Majembe, usiseme. Mikuki miwili ya ngoma. Upanga, hata kuushika sijawahi.

Zikapita kama wiki mbili. Mzee akasimamisha bakkie mbele yangu, hakuzima injini.

"Wewe mwenye mdomo. Ulisema unafua upanga?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ni kweli au ni maneno ya parking?"

"Kweli, Mzee."

"Haya, panda."

Karakanani nikamkuta mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, amevaa miwani inayoning'inia na uzi, mkononi ana karatasi ndefu zimekunjwa kama mikeka. Dokta Prema. Alikuwa anafundisha historia ya Warumi kule Glenwood, chuoni. Kiingereza changu kilikuwa cha "sharp, boss", kwa hiyo Mzee Saidi alikuwa anatafsiri.

Alitaka panga nne za askari wa Kirumi. Zisiwe na makali, ziwe za wanafunzi kushika. Alishaenda kwa watu wa mashine, wakamwambia watazikata kwenye bati nene, zote unene mmoja. Hakutaka hizo. Alitaka zilizofuliwa kwa nyundo, kila moja na uzito wake, ili mwanafunzi akifumba macho mkono umwambie tofauti.

Mzee akamwambia, "Huyu kijana ni mhunzi wa panga. Baba yake, babu yake, wote."

Nikamkumbuka baba na chumvi yake.

Mama alipoondoka Mzee akanionyesha benchi moja la chuma lililokuwa dirishani, halina mtu.

"Sikiliza, mwanangu. Nimempa yule mama neno langu. Akizikubali zote nne, benchi lile ni lako, wewe ni fundi wangu. Asipozikubali, rudi kwenye magari yako, na usiniite tena Mzee."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yangu, wakuu. Benchi au kizibao.

Nikatengeneza tanuri kwa drum ya breki ya lori. Springi kuukuu za magari zipo, mkaa upo. Mivukuto haipo. Nikamwendea Jospin, nikamwomba drayer ya nywele, moja ya zile kubwa za salon.

"Ndugu, hii machine ni ya patron," akaniambia, akimaanisha bosi wake. "Kama inaungua, mi nakufa."

"Haiungui."

"Weye iko na kichwa nguvu." Lakini akaileta, ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nikaichomeka, ikapuliza mkaa, ukawaka mpaka mweupe. Salon ya Wakongo inapuliza moto wa Warumi.

Sasa michoro. Dokta alikuwa ameichora kwa ukubwa wake halisi, kila upanga na karatasi yake, na alitueleza kwa mpangilio wa umri.

Wa kwanza ndio mzee wao: mrefu kiasi, ncha kali, Warumi waliuiga kwa watu wa Hispania baada ya kupigwa nao wakaona cha moto. Wa pili ni mfupi na mpana, una kiuno katikati, halafu ncha ndefu nyembamba. Huo wanauita Mainz, mji wa Ujerumani, maana panga za aina hiyo ziliokotwa mtoni huko. Wa tatu ni Pompeii, ule mji uliofukiwa na majivu ya volkano. Huo kingo zake mbili zimenyooka kama rula, ncha fupi. Wa nne ni spatha, mrefu na mwembamba, wa askari wa farasi, maana ukiwa juu ya farasi mkono mfupi haufiki popote. Baadaye hata wa miguu wakaubeba.

Nikaanza na wa kwanza. Ukatoka vizuri. Sijisifu, ila ulitoka vizuri.

Nikafika wa pili. Nikauangalia ule mchoro, nikatabasamu. Umetoka mtoni, umekaa huko miaka na miaka, na una kiuno.

Nikajisemea, huyu askari alikuwa ananoa sana.

Kwa ndugu yangu yeyote aliyekulia kwenye uhunzi wetu, hakuna maana nyingine ya kiuno. Mama ameleta picha ya upanga mzee, lakini anataka mpya. Na ile ncha ndefu, huko ni kulika tu, kila akinoa inazidi kuwa nyembamba. Basi nikaurudishia ujana. Nikanyoosha kingo zote mbili, ncha nikaifupisha, ikakaa imara. Asubuhi mpaka adhuhuri nimemaliza.

Pembeni ya mchoro kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwa kalamu nyekundu. Sikuyasoma kwa sababu nilikuwa sijui kuyasoma, na sikumuuliza mtu kwa sababu nilijiona najua.

Wa tatu nikaufua, nikaona unafanana sana na wa pili. Nikafurahi. Nikaona nimeupata ukoo wao.

Alhamisi Dokta akaja kuziona. Darasa lake lilikuwa Jumatatu. Mzee alitandika blanketi safi juu ya meza, nikazipanga nne kama samaki. Akatandua karatasi zake, akawa anaweka upanga juu ya mchoro wake.

Wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Wa pili, akauweka. Kiuno chote kikapotea chini ya chuma, na ile ncha ya mchoro ikabaki imechomoza peke yake kwenye karatasi, kama kidole.

Akauliza nini hiki.

Nikamweleza kwa kujiamini kabisa. Nikamwambia huyu askari alinoa mpaka akaula upanga wake, mimi nimeurudisha ulivyokuwa siku ya kwanza. Mzee alikuwa anatafsiri, na kadiri alivyoendelea sauti yake ikawa inapungua.

Yule mama hakukasirika. Akasema nimwonyeshe. Nikaenda uani nikachukua panga la kufyekea nyasi la Mzee Saidi, lina miaka mingi. Lina kiuno. Akapitisha kidole pale palipolika, akaenda, akarudi.

"Nafundisha mambo haya miaka mingi," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniambia hivi."

Nikajua nimeshinda.

Kisha akaenda kwenye gari lake, akarudi na picha. Akaiweka juu ya blanketi. Ilikuwa ala, nyumba ya ule upanga wa pili. Ilianza pana juu, ikapungua kuteremka, mwisho ikachongoka, ndefu, nyembamba. Akaweka upanga wangu pembeni ya picha. Mtu yeyote mwenye macho aliona hauingii. Ncha yangu ingekwama kabla ya kufika chini.

"Ala huwa inanolewa?" akauliza.

Hapo hata tafsiri sikuihitaji.

Akasema hayo maneno mekundu yalikuwa yanasema hivyo hivyo: usinyooshe, umbo hili ni la makusudi. Sasa anao mapacha wawili, wa pili na wa tatu, na somo lake lote la Jumatatu ni jinsi wa pili ulivyokuja kuwa wa tatu. Wanafunzi wataona nini kilichobadilika?

Mzee Saidi akasema "eish" moja tu, ndogo. Halafu akanigeukia.

"Mbele ya huyu mama. Umewahi kufua upanga kabla ya hizi?"

Wakuu, nimepita mipaka minne bila kuogopa. Pale niliogopa. Nikasema, "Hapana, Mzee. Sijawahi. Na baba yangu aliuza chumvi."

Mtasema mimi ndiye niliyeaibika. Hapana. Yeye ndiye aliyekuwa ametoa neno lake, na sasa ilibidi alitafsiri mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba lilikuwa la uongo. Angeweza kulipindisha, maana mimi nisingejua. Alivua kofia yake ya kufuma, akaiweka kwenye benchi, akatafsiri yote. Chumvi niliisikia, alisema "salt".

Dokta akaziangalia zile tatu nzuri. Akauliza, "Na hizi ndizo zake za kwanza kabisa?"

"Ndiyo," Mzee akajibu.

"Basi Jumatatu saa nne asubuhi nausubiri huo mwingine."

Ikabaki springi moja ya kufulia. Moja tu, wakuu.

Mzee aliahirisha mageti ya watu. Ijumaa alienda kuswali akarudi, akakunja mikono ya kanzu, akashika drayer yeye mwenyewe. Mtu wa miaka sitini na ushee anapuliza mkaa kwa drayer ya salon. Jumamosi ile drayer ikatoa moshi ikafa. Akaenda nyumbani, akarudi na ya mkewe, na baadaye ile ile akampelekea Jospin ikakae badala ya iliyoungua. Nasikia nyumbani kwake hapakukalika wiki nzima.

Na ule upanga ulinitesa. Kiuno si kukata tu. Ukipiga nyundo katikati chuma kinakimbilia pembeni, ukikirudisha upande mmoja kinajikunja upande wa pili. Viuno viwili vinatakiwa vitazamane kama mtu na kioo. Na ile ncha, nilipoizamisha kwenye mafuta kupoa, nikasikia "ti". Imepasuka, urefu wa pingili ya kidole.

Nikakaa chini.

Mzee akauangalia ule ufa, akauangalia upanga. "Mabega ya juu umeyaacha manene. Kata palipopasuka, teremsha nyama kutoka juu." Mtengeneza magrili yule, hajawahi kufua kitu, ila chuma alikuwa anakijua.

Nikakata. Nikateremsha. Jumapili ikawa ya tupa na msasa, jioni ukalala juu ya mchoro wake na karatasi haikuonekana hata uzi.

Nikaushika mkono wa kulia, ule niliounyoosha nikaushika wa kushoto. Ndipo nikaelewa kitu ambacho kama singekosea nisingekijua. Huu wa kiuno ulinilia siku mbili na nusu na ncha moja. Ule ulionyooka, nusu siku, na haukunipasukia popote.

Jumatatu nilimwambia Dokta hivyo, kupitia kwa Mzee, mlangoni tu. Akanishika kiwiko akaniingiza ndani.

Darasa la chuo kikuu, wakuu. Mimi wa darasa la tano. Vijana kama arobaini wananitazama na shati la kuazima kwa Jospin. Mezani kulikuwa na panga tano. Ule wa makosa hakuuficha, aliuweka katikati ya wa pili na wa tatu, akaniambia niwaeleze nilichomweleza yeye.

Nikawaeleza. Jiwe la kunolea, kiuno, ala, ufa, nusu siku na siku mbili na nusu. Wakawa wanazipokezana kwa mikono. Binti mmoja akauliza, kwa hiyo Warumi waliacha kiuno kwa sababu ya ugumu wa kazi?

Nikasema, "Mimi Mrumi simjui. Ila bosi wangu akinijia akasema nataka panga elfu moja za jeshi, nitamfulia zilizonyooka."

Walicheka, hata Mzee aliyekuwa anatafsiri. Dokta hakucheka, alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Akawaambia jambo hili wasomi wanabishana, wengine wanasema ni ufundi, wengine wanasema ni namna ya kupigana iliyobadilika, na yeye hawezi kuapa. "Lakini huyu alikuwa hajasoma kitabu hata kimoja," akasema, "na mikono yake imempeleka pale pale walipofika wao."

Maneno hayo nayabeba mpaka leo.

Tukateremka kutoka Glenwood kwa bakkie. Tulipofika Greyville robot, yaani taa ya barabarani, ikawaka nyekundu, kulia kwetu ndiyo parking yangu, na kuna mwenzangu amevaa kizibao anaelekeza gari. Nikafikiri Mzee atasema shuka.

Robot ikawa kijani. Akaondoa gari, akasema bila kunitazama, "Kesho saa moja kamili. Na karatasi ikiwa na maneno mekundu, unauliza."

Nilikaa kwenye benchi lile miaka sita. Kila grili, kila geti, kila weld ninayojivunia humu, ilianzia pale dirishani.

Kwa hiyo wakuu, somo langu ni fupi. Mikono ni yangu, hiyo siwaachii. Lakini mikono bila mtu wa kukuambia "nakusubiri Jumatatu" ni ya kuelekezea magari. Mama yule angeweza kuchukua zile tatu akaenda zake. Mzee yule angeweza kuokoa neno lake kwa kulipindisha langu. Hawakufanya hivyo, na mimi miaka yote hii nimekuwa nikisema "hakuna". Dokta Prema, Mzee Saidi, popote mlipo, nawashukuru, na nawaomba radhi kwa kuchelewa.

Karakanani kwangu sasa fundi akipewa mchoro, kabla hajawasha chochote, mimi mwenyewe namwambia, nisomee kwanza yaliyoandikwa pembeni.

Huu uzi nimemsomea mke wangu kabla ya kuupandisha. Kasema ni sawa, ila nisimsahau Jospin na drayer. Sijamsahau.

Aliyewahi kupewa benchi ugenini na mtu ambaye si ndugu yake, aandike jina lake hapo chini, hata kama mwenyewe hatalisoma. Na wasomi wa Warumi mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni. Safari hii nauliza.